Kinga Kujishambulia

Kiswahili kinachosikika Juba kimeletwa na wafanyabiashara wa Uganda na Kenya, na Wasudani Kusini waliokulia Kakuma, kambi ya wakimbizi ya Kenya iliyofunguliwa mwaka 1992. Tangu Sudani Kusini ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, istilahi za tiba zinazotungwa Dar es Salaam na Nairobi zinawahusu wagonjwa wa huko pia. Iliyopotoka nayo huwafikia.

Ninayoihofia ni “ugonjwa wa kinga”, inapotumiwa kwa mtu ambaye kinga ya mwili wake inaishambulia dundumio, ile tezi iliyo mbele ya koo. Ugonjwa na kinga vikitajwa pamoja, msikilizaji hufikiria upungufu, kwa kuwa UKIMWI wenyewe ni Upungufu wa Kinga Mwilini. Mgonjwa huingia duka la dawa akitafuta vidonge vya “kuongeza kinga”, na hana kosa: jina ndilo lililomtuma.

Kinga yake haijapungua. Imekosea kumtambua adui, kama mlinzi anayempiga mwenye nyumba. Mwaka 1912 daktari Mjapani Hakaru Hashimoto alieleza tezi za wanawake 4 zilizojaa chembe nyeupe za damu, asijue zimefuata nini. Jibu lilipatikana London mwaka 1956, pale Ivan Roitt, Deborah Doniach na wenzao walipoonyesha kwamba damu ya wagonjwa wa namna hiyo ina kingamwili dhidi ya protini ya tezi yao wenyewe. (Kingamwili nalo latatiza: wengine huliita hivyo jeshi zima la mwili, wengine protini moja moja za kupambana na vijidudu. Mimi nalitumia kwa maana ya pili tu.)

Ndiyo maana napendekeza “kinga kujishambulia”. “Otoimuni” ni fupi zaidi, ila halimwambii mgonjwa lolote. Kiambishi -ji- kinamwambia yote: mtenda ndiye mtendwa, na hakuna kilichopungua cha kuongezwa.

Vidonge vyenyewe je? Katika jaribio la Marekani lenye watu 25,871, matokeo yake yakatolewa mwaka 2022, waliomeza vitamini D kwa takriban miaka 5 walipata maradhi ya kinga kujishambulia, yote kwa jumla, kwa asilimia 22 pungufu. Hiyo ni habari njema ya kuzuia. Haisemi kwamba tezi iliyokwisha kushambuliwa itapona.

Seleni, madini ambayo huuzwa pamoja na vitamini, inataka tahadhari zaidi, na funzo lake liko jirani. Kaskazini mwa Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, watu waliokosa madini joto na seleni kwa pamoja walipewa seleni peke yake. Homoni ya tezi ilishuka zaidi, kama watafiti walivyoripoti mwaka 1991. Hao hawakuwa na kinga kujishambulia. Tezi zao zilikosa madini joto. Rovu shingoni laweza kutokana na hali yoyote kati ya hizo mbili, na madini joto yanayomfaa mmoja yanaweza, yakizidi, kumdhuru mwingine. Kwa hiyo kipimo kitangulie kidonge.

Na kipimo chenyewe huharibiwa na biotini, vitamini iliyo katika vidonge vya nywele na kucha. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 30 hivi kwa siku. Kidonge kimoja huweza kuwa na 5,000 au 10,000. Katika baadhi ya mashine za maabara, wingi huo huonyesha TSH (homoni inayoichochea tezi) ya chini na homoni ya tezi yenyewe ya juu kwa mtu ambaye tezi yake haina tatizo, akaonekana ana dundumio inayofanya kazi kupita kiasi. Aache biotini angalau siku 2 kabla ya kutoa damu, na amwambie mtaalamu wa maabara kuwa alikuwa akiimeza. Naye anayetumia levothairoksini, dawa ya kufidia homoni ya tezi, aitenganishe na vidonge vya chuma au kalsiamu kwa saa 4, maana vikikutana tumboni dawa hainyonywi ipasavyo.