Ramani ya Moyo

Ndugu askari, kamanda hapeleki kikosi porini bila ramani. Ndivyo ilivyo tiba ya moyo unaopiga ovyo. Mwaka 1929, nchini Ujerumani, Dakta Werner Forssmann, ingawa mkubwa wake alimkataza, alipenyeza mrija mkononi mwake mwenyewe hadi moyoni, akapigwa picha ya eksirei. Mwaka 1998, Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, wakifuatilia umeme wa moyo kwa mirija, walionyesha kwamba mtetemo wa vyumba vya juu mara nyingi huanzia katika mishipa itokayo mapafuni. Maficho ya adui yakajulikana, naye akachomwa papo hapo.

Mkimbizi wa Nakivale yu mbali na mitambo hiyo. Kwake ramani huanza na vidole vya tabibu vikihesabu mapigo ya mkono, ndipo apelekwe Mbarara. Basi, anayelalamika kwamba moyo wake unaruka asipuuzwe.