Sanduku la usambazaji wa umeme

Sanduku la usambazaji wa umeme ni kisanduku cha chuma au plastiki ambamo umeme unaoingia nyumbani hugawanywa katika njia mbalimbali, ziitwazo sakiti, kwa ajili ya taa, soketi, jiko na vifaa vingine. Nyumba ndogo huwa na sanduku moja tu, yaani sanduku kuu. Nyumba ya ghorofa, au yenye banda la uani au karakana, inaweza kuwa na masanduku mengine yanayolishwa na lile kuu. Hayo ni masanduku matawi.

Sanduku kuu

Tanzania Bara umeme wa nyumbani ni wa volti 230. Hutoka kwenye nguzo ya TANESCO, hupita katika mita, ambayo mara nyingi ni ya LUKU ("Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo"), kisha huingia katika sanduku kuu. Ndani yake kwa kawaida mna:

- Swichi kuu, ambayo hukata umeme wa nyumba nzima kwa mara moja.
- Sakiti breka, au kwa kifupi breka. Kila sakiti huwa na yake.
- Breka ya mvujo, ambayo hulinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi. Tofauti ikifika miliampea 30, kwa mfano mtu anapopigwa na umeme, hukata mara moja.
- Kipande cha shaba cha kufungia nyaya za nyutro, na kingine cha nyaya za ethi (ardhi).

Kazi ya breka

Breka huulinda waya usipate moto. Mkondo hupatikana kwa kugawanya wati kwa volti. Birika la umeme la wati 2,000 huvuta ampea 8.7 hivi, pasi ya wati 1,000 ikiwashwa pamoja nalo, jumla hufika ampea 13. Sakiti ya taa yenye waya wa milimita mraba 1.5 huwekewa breka ya ampea 6 au 10, na ya soketi yenye waya wa milimita mraba 2.5 mara nyingi huwekewa ya ampea 20.

Kwa hiyo breka inayokata mara kwa mara haiponywi kwa kuweka kubwa zaidi. Waya ukutani unabaki uleule. Utachemka na kuunguza nyumba huku breka ikiwa bado haijakata. Hatari ni ileile kwa anayefunga waya mnene katika fyuzi za zamani.

Sanduku tawi

Sanduku tawi hulishwa kwa kebo moja nene kutoka breka iliyo katika sanduku kuu. Banda la vyumba vinne, kwa mfano, halihitaji kuvutiwa waya wa kila sakiti kutoka nyumba kubwa, na hitilafu ya chumba kimoja hukatwa palepale bandani.

Hata hivyo sanduku tawi haliongezi umeme. Likilishwa na breka ya ampea 32, banda zima haliwezi kutumia zaidi ya hapo kwa muda mrefu, hata kama breka zake zikijumlishwa zinafika 60. Tena, umbali ukiwa mrefu volti hupungua njiani, hivyo kebo huhitaji kuwa nene zaidi.

Ndani ya sanduku tawi nyutro na ethi havifungwi pamoja. Vikifungwa, sehemu ya mkondo hurudi kupitia waya wa ethi na vyuma vinavyoguswa na watu. Marekani, ambako nyumba hupata volti 120 na 240, nyutro na ethi huunganishwa mahali pamoja tu, mwanzoni mwa mfumo, kwa kawaida katika sanduku kuu.

Usalama

Kuzima swichi ya sanduku tawi hakuondoi umeme katika kebo inayoliingia. Ni lazima kuzima katika sanduku kuu. Vivyo hivyo, swichi kuu ikizimwa, nyaya zitokazo kwenye mita bado zina umeme. Kukatika kwa umeme mtaani au kuisha kwa uniti za LUKU si kinga, kwani umeme unaweza kurudi wakati wowote.

Kila breka iandikwe sakiti yake, na kitufe cha majaribio cha breka ya mvujo kibonyezwe mara kwa mara. Kazi ndani ya sanduku ni ya fundi mwenye leseni, ambayo Tanzania Bara hutolewa na EWURA na Kenya na EPRA.