Ngao ya mfanyabiashara wa Mpondwe: kuchagua kinga ya gari na mzigo kati ya Bwera na Kasindi

Lori linalotoka Kasese kwenda Kasindi hubeba pia hatari zisizoandikwa kwenye orodha ya bidhaa: ajali, mvua, wizi, ucheleweshaji na ghasia. Kinga zipo, lakini kila moja huzuia hatari zake tu, na kila moja hula sehemu ya faida. Makala haya yanaeleza kinga ipi humlinda nani, na ni wapi inapoishia.

Njia na hatari zake

Kituo cha Mpondwe kiko wilayani Kasese, jirani na mji wa Bwera. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ndipo Kasindi, katika jimbo la Kivu Kaskazini nchini Kongo. Chumvi ya Katwe, samaki wa Ziwa Edward na saruji ya Hima ni miongoni mwa bidhaa za wilaya hii zinazotafuta soko, na kutoka upande wa pili huja kakao na mbao.

Juni 2021, Marais Yoweri Museveni na Félix Tshisekedi walikutana Mpondwe kuzindua mradi wa barabara unaojumuisha sehemu ya Kasindi hadi Beni, yenye urefu wa takriban kilomita 80. Barabara nzuri hupunguza ajali na siku za safari, lakini haiondoi tishio la wapiganaji wa ADF katika eneo hilo. Shambulio la Juni 2023 dhidi ya shule ya sekondari ya Lhubiriha, lililoua watu zaidi ya 40, lilionyesha kuwa hata upande wa Uganda hauko mbali na hatari hiyo.

Kadi ya Njano humlinda mtu wa tatu

Kinga ya kwanza kwa gari linalovuka ni Kadi ya Njano ya COMESA, mpango wa bima ya magari ulioanzishwa kwa itifaki iliyotiwa saini mwaka 1986. Uganda na Kongo zote ni wanachama. Kadi huambatana na bima ya gari ya nyumbani, hivyo mwenye gari hahitaji kukata bima nyingine ya mtu wa tatu mpakani. Gari likimjeruhi mtu au kuharibu mali ya mwingine upande wa pili, madai hushughulikiwa kwa kufuata sheria za nchi ilikotokea ajali. Gharama za matibabu ya dharura za dereva na abiria nazo zimo.

Umuhimu wake huonekana mara tu gari linapovuka: Uganda magari hupita kushoto, Kongo hupita kulia. Dereva aliyezoea upande mmoja huhitaji uangalifu zaidi anapobadilisha mkondo.

Hata hivyo, kadi hiyo hailipi mzigo, wala hailipi uharibifu wa gari lenyewe. Lori likipinduka na chumvi ikamwagika, Kadi ya Njano haina la kusema kuhusu chumvi hiyo.

Bima ya mzigo: A, B au C

Bima ya mizigo safarini mara nyingi huandikwa kwa kufuata masharti ya London yanayotumika duniani kote, yaliyopangwa katika madaraja matatu.

Daraja C ndilo jembamba zaidi, na kwa kawaida ndilo la bei nafuu. Hulipa hasara ya matukio makubwa, kama vile moto, gari kupinduka au kugongana. Daraja B huongeza mengine, yakiwemo tetemeko la ardhi, radi na maji ya mto au ziwa kuingia garini au ghalani mzigo ungali safarini. Kwa Kasese, ambako mto Nyamwamba ulifurika vibaya mwaka 2013 na 2020, nyongeza hiyo si ya mapambo. Daraja A hulipa kila hasara ya bahati mbaya, isipokuwa zile zilizotajwa kuwa hazilipwi.

Tofauti huonekana kwa mfano mdogo. Mvua ikipenya turubai na kuharibu saruji, daraja C halilipi. Daraja B nalo halilipi, kwa sababu mvua si maji ya mto wala ziwa. Daraja A hulipa, mradi mzigo ulifungwa ipasavyo.

Samaki wabichi wana shida yao. Wakioza kwa sababu gari limechelewa mpakani, madaraja yote matatu hukataa dai, kwa kuwa hasara itokanayo na ucheleweshaji au na asili ya bidhaa yenyewe haimo. Ngao ya samaki ni barafu ya kutosha na hati zilizokamilika kabla ya kufika Mpondwe.

Vita, ghasia na ugaidi pia huondolewa. Kinga dhidi ya ghasia na ugaidi huweza kuongezwa kwa malipo ya ziada, lakini kinga ya vita kwa mzigo ulio nchi kavu ni adimu. Anayepeleka mali Beni aulize jambo hili waziwazi, na jibu aliombe kwa maandishi.

Thamani kamili au nusu?

Kutaja thamani ndogo ili kupunguza malipo ya bima humrudia mwenye mzigo. Chukua mzigo wa shilingi milioni 40 uliokatiwa bima ya milioni 20. Hasara ya milioni 10 ikitokea, kampuni huweza kulipa milioni 5 tu, kwa hoja kwamba nusu ya hatari mwenye mali alijibebea mwenyewe.

Mfanyabiashara mdogo

Wanaokodi lori moja kwa pamoja wasitosheke na kuambiwa kwamba "gari lina bima". Bima ya msafirishaji humlinda msafirishaji. Kila mwenye mzigo ahakikishe mali yake imetajwa katika hati.

Kwa anayevusha magunia machache, ngao ya kwanza ni karatasi halali. COMESA na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo ilijiunga nayo mwaka 2022, zina utaratibu rahisi wa forodha kwa mizigo midogo iliyomo katika orodha za bidhaa zilizokubaliwa. Utaratibu huo huondoa ushuru wa forodha, lakini hauondoi kodi nyingine wala ukaguzi wa afya. Njia za panya huonekana nafuu, ila mali ikikamatwa huko hutaifishwa, na hakuna bima inayolipia magendo.

Kabla ya kulipa, uliza

Ni hasara zipi hazilipwi? Je, kinga huishia Mpondwe, Kasindi au mzigo unapopokewa? Je, mizigo inaposubiri ghalani bado imelindwa? Katika kila dai, ni kiasi gani cha kwanza nitajilipia mwenyewe?

Hasara ikitokea, piga picha, pata taarifa ya polisi, ijulishe kampuni bila kuchelewa, na usitupe bidhaa zilizoharibika kabla mkaguzi hajaziona.