Njia ya Msalaba kwa Fidla Nne

Katika parokia zetu za Masisi na Walikale kuna mabishano yanayorudi kila Kwaresima. Wengine husema: wakati wa Njia ya Msalaba ngoma inyamaze, kwa maana ngoma ni furaha, naye Bwana wetu anakwenda kufa. Wengine hujibu: je, kwetu mtu akifa, ngoma hunyamaza? Mabishano haya si madogo. Ndani yake mna swali kama sauti za babu zetu zaweza kusali, ama zaweza kushangilia tu. Kwa hiyo tumeona vema, ndugu wasomaji, kuwapa habari za mtunzi mmoja wa Uganda, jirani zetu wa mashariki, aliyelijibu swali hilo bila neno hata moja. Jina lake ni Justinian Tamusuza.

Alizaliwa mwaka 1951 mahali paitwapo Kibisi. Tangu utoto alijifunza muziki wa Kiganda, kuuimba na kuupiga. Yafaa tuzitazame nyakati alizokulia. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliandika, katika hati juu ya Liturujia, kwamba katika nchi za misioni muziki wa watu wenye mapokeo yao upewe heshima yake na mahali pake katika ibada. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Oktoba 1964, Papa Paulo VI aliwatangaza Mashahidi 22 wa Uganda kuwa Watakatifu, na huko Roma ukaimbwa utenzi mkubwa wa Mashahidi, uliotungwa na Mganda Joseph Kyagambiddwa kwa sauti za kwao. Haikupita miaka miwili, Mei 1966, jeshi la serikali ya Obote likalishambulia jumba la Kabaka pale Mengo. Kabaka akakimbilia Uingereza, wapiga ngoma na marimba wa jumba wakatawanyika. Mwaka 1967 ufalme ukafutwa, nao haukurudishwa hata mwaka 1993. Basi kijana huyu aliuona muziki wa taifa lake ukipokewa Roma, tena akauona ukifukuzwa nyumbani mwake.

Mambo ya shule twayapita upesi. Alifunzwa na Padre Anthony Okelo, kisha na Kevin Volans, mtunzi mzaliwa wa Afrika Kusini. Akaenda Marekani, katika Chuo Kikuu cha Northwestern karibu na Chicago, akasoma kwa mtunzi Alan Stout mpaka akapata udaktari. Akafundisha katika Chuo Kikuu cha Makerere.

Kazi iliyompatia jina aliiandika miaka ya 1980. Ni ya fidla nne: mbili ndogo, ya tatu kubwa kidogo, iitwayo viola, na ya nne selo, ambayo mpigaji huishika kati ya magoti. Watunzi wa Ulaya wameliandikia kundi kama hilo kwa miaka zaidi ya 200. Lakini jina aliloipa ni la Kiganda, Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, yaani Katika Njia ya Msalaba. Kundi la Kronos la San Francisco likaipiga sehemu ya kwanza na kuitia katika santuri yao ya mwaka 1992, Pieces of Africa, ambayo watunzi wake wote ni Waafrika.

Anayeisikia mara ya kwanza hushangaa. Alitazamia kilio, naye asikia vipande vifupi vikirudiwa kwa mwendo wa haraka, mpaka mguu waanza kutikisika wenyewe.

Siri yake yatoka katika muziki wa Kiganda. Iko marimba iitwayo amadinda, yenye vibao 12. Wapigaji wawili hukaa wakielekeana. Mmoja hupiga katika nafasi aliyoiacha mwenzake, na mwenzake vivyo hivyo, wala hawagongani. Wa tatu huvishika vibao viwili tu vya mwisho. Mama zetu wanajua jambo hili ingawa hawakuona amadinda: wawili wakitwanga sombe katika kinu kimoja, mchi huu ukipanda ule washuka, na mtu aliye mbali asikia mwendo mmoja wa haraka ambao hakuna hata mmoja wao anayeutwanga peke yake. Katika fidla za Tamusuza wimbo huzaliwa hivyo, katikati ya watu.

Je, ni heshima kuuita muziki huu Njia ya Msalaba? Sisi twasema ndiyo. Katika matanga watu hukesha wakiimba na kucheza, wala hakuna anayedhani wamekifurahia kifo, wanamsindikiza marehemu. Tena njia huendwa kwa miguu. Mahujaji waendao Namugongo kwa sikukuu ya tarehe 3 Juni hutembea siku nyingi wakiimba, nao wanakwenda mahali ambapo watu walichomwa moto mwaka 1886. Hatusemi fidla hizi ziletwe Misani. Ziliandikwa kwa kusikilizwa, si kwa ibada. Lakini atakayesema kwamba mwendo wa ngoma hauwezi kuubeba msalaba, na azisikilize kwanza.

Liko jambo jingine. Mwaka 1956, upande wetu wa Walikale, mzee Candi Rureke, Mnyanga, aliimba utenzi wa Mwindo kwa siku 12, ukaandikwa, na mwaka 1969 ukatoka katika kitabu cha Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene. Hivyo maneno yake yamehifadhiwa. Tamusuza aliandika sauti zenyewe, kwa noti, na leo watu wasiowahi kufika Buganda waweza kuzipiga. Kwaya zetu nyingi zina madaftari ya maneno tu. Sauti zimo kichwani mwa mwalimu mmoja, naye vita vikimhamisha, kwaya huanza upya.