Nani Analipia Seva? Historia Fupi ya Mitandao ya Biashara

Sisi watu wa programu huria tunapenda sana kujisifu kwamba mtandao fulani "hauna mwenyewe". Sawa, lakini kuna swali moja ambalo huwa tunaliruka, na leo ndilo nataka tuliangalie: kama hauna mwenyewe, nani analipia seva?

Swali hili linamhusu mfanyabiashara kuliko mtu yeyote. Mali yake kubwa ambayo haionekani kwenye vitabu vya hesabu ni watu: wateja, wanaomuuzia bidhaa, na wale watakaosema "fundi huyo namjua, kazi yake ni safi". Zamani mali hiyo ilikaa kwenye daftari na kwenye kadi zilizofungwa kwa mpira. Tangu miaka ya 2000 imehamia kwenye tovuti, na tovuti ina wenyewe.

LinkedIn ilifunguliwa kwa umma Mei 2003 huko Marekani. Mwaka huohuo, mjini Hamburg, Ujerumani, Lars Hinrichs alianzisha openBC, ambayo mwaka 2006 ilibadilisha jina ikawa XING na Desemba ikaingia soko la hisa. XING ilijengwa juu ya ada za wanachama: ukitaka huduma kamili, unalipa kila mwezi. LinkedIn ilitegemea zaidi waajiri wanaotafuta wafanyakazi, pamoja na matangazo na ada. Njia zilitofautiana, lakini kampuni zote mbili zilijua bili italetwa kwa nani. Ndiyo maana zilidumu.

Gharama ya pili hailipwi kwa pesa. Mwaka 2015 LinkedIn ilibana milango ambayo programu za nje zilitumia kuchota data, na waliokuwa wamejenga biashara zao juu ya milango hiyo wakabaki nje. Mwaka 2016 Microsoft ikakubali kuinunua kampuni nzima kwa dola bilioni 26.2. Watumiaji waliojaza majina, kazi na marafiki humo hawakuulizwa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Je, lazima iwe hivyo? Fikiria barua pepe. Seva yako inaweza kuwa Nairobi na ya mwenzako Mombasa, kila moja na mwenyewe, na bado barua inafika kwa sababu zote zinafuata itifaki moja. Mtandao wa kijamii uliogatuliwa unafuata wazo hilohilo: seva nyingi, wenyewe wengi, lugha moja.

Wazo hili si geni. Mwaka 2005 Google ilizindua Google Talk kwa itifaki huria ya XMPP, na mwaka 2006 ikairuhusu iongee na seva za watu wengine. Mwaka 2013 ikaleta Hangouts, ambayo haikuongea na seva hizo. Tunajifunza kwamba kampuni kubwa inaweza kufungua mlango, ikaufunga siku uwazi utakapokosa faida kwake.

Hebu sasa tumtazame aliyejaribu kuunganisha ugatuzi na biashara. Julai 2008, huko Montreal, Kanada, Evan Prodromou alianzisha identi.ca, tovuti ya ujumbe mfupi mfano wa Twitter, lakini programu yake ilikuwa huria na mtu yeyote angeweza kuisimika kwenye seva yake. Programu hiyo iliitwa Laconica, kisha StatusNet. Kampuni yake ilikuwa na mpango wa pesa: kuuzia makampuni mitandao ya ndani, wafanyakazi waongee wao kwa wao. Wazo zuri, ila Yammer iliyofungwa ilikuwa sokoni ikifuata wateja haohao, na mwaka 2012 Microsoft ikainunua Yammer kwa dola bilioni 1.2. Mwaka 2013 identi.ca ilihamia programu nyingine ya Prodromou, pump.io, na StatusNet ikaendelezwa na jamii ya GNU social.

Utasema alishindwa? Kama biashara, hakufika mbali. Lakini mawazo ya pump.io yaliingia katika ActivityPub, itifaki iliyoidhinishwa na W3C Januari 2018, na Prodromou ni mmoja wa waandishi wake. Kampuni iliondoka, itifaki ikabaki.

Kati ya hapo walitokea vijana wanne wa Chuo Kikuu cha New York waliochangisha zaidi ya dola 200,000 mwaka 2010 ili kujenga Diaspora. Mwaka 2012 waliukabidhi mradi kwa jamii. Mchango wa mara moja unaweza kujenga nyumba, lakini haulipi kodi ya kila mwezi.

Mwaka 2016 Eugen Rochko, huko Ujerumani, alitoa Mastodon, ambayo leo inatumia ActivityPub. Wengi waliikimbilia Twitter iliponunuliwa mwaka 2022. Lakini mwaka huohuo seva ya mastodon.technology, iliyokuwa kijiji cha watu wa teknolojia, ilitangaza kwamba itafungwa kwa sababu mwendeshaji wake hakuweza tena kuubeba mzigo. Mastodon inakuwezesha kuhama na wafuasi wako, lakini maandishi ya zamani hayahami nawe. Kwa mtu wa porojo hilo si kitu. Kwa fundi ambaye sifa za wateja wake ziko kwenye maandishi hayo, ni hasara ya miaka.

Jibu la swali letu naliona kwa social.coop, seva ya Mastodon iliyoanza mwaka 2017 na kuendeshwa kwa ushirika. Wanachama wanachanga, hesabu ziko wazi, na maamuzi yanapigiwa kura. Mkenya yeyote anaelewa mpango huo bila kufundishwa: ni chama, ni sacco.

Kwa hiyo ukitaka kujenga mtandao wa wafanyabiashara juu ya ActivityPub, tuseme wa mafundi wa Gikomba au wauzaji wa vipuri wa Kirinyaga Road, fanya haya. Kwanza, weka ada ndogo tangu siku ya kwanza, kama XING, kwa maana cha bure kina mlipaji wake hata usipomwona. Pili, tumia kikoa chenu wenyewe, ili mkibadilisha kampuni inayowahifadhia seva, anwani zenu zisibadilike. Tatu, hakikisha kila mwanachama anaweza kupakua wasifu, orodha ya watu wake na sifa alizopewa, tena katika faili ambalo programu nyingine inaweza kulisoma. Nne, seva isimtegemee mtu mmoja. Nywila za usimamizi ziwe na watu watatu, na mlinzi wa seva alipwe hata kama ni kidogo.

Itifaki tunayo tayari, tena bure. Kilichokosekana tangu 2008 ni mweka hazina.

Haya, kazi njema.