Kanda la Usufi

Waswahili husema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hii niliisikia kwanza kwa marehemu babu yangu, pale Tabora, nikiwa mtoto. Nikaja kuielewa nikiwa mtu mzima, mbali sana na kwetu, kwenye gati la gesi katika Ghuba.

Kazi yangu kule ilikuwa kupima kama meli na gati vinafaana. Gesi asilia ikipoozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri hugeuka kimiminika, na ujazo wake hupungua takriban mara 600. Hapo ndipo huweza kupakiwa melini. Lakini kabla meli haijaitwa, sisi tulikaa na karatasi. Urefu wake kutoka omo hadi tezi ni kiasi gani? Inazama kina gani? Midomo ya mabomba yake iko wapi, na kwa kimo gani juu ya maji? Kamba zake zitafungwa kulabu zipi? Hatari ikitokea, vali za melini na za gatini zitafungwa kwa pamoja? Jibu moja likikataa, meli haiji mpaka dawa ipatikane.

Siku moja zililetwa karatasi za meli fulani, zote zikilingana, ila kimo cha mabomba kilikuwa kimeandikwa kwa meli iliyojaa shehena tu. Je, ikiwa tupu, na bahari imejaa? Mkubwa wangu alikasirika. Meli ilikuwa tayari njiani, na kila siku ya kungoja ni fedha. Kwa sisi wa ofisini tofauti ya mita moja ilikuwa usufi mtupu. Waliosimama karibu na ile mikono ya chuma ya kupakia walikuwa vijana wa zamu. Nikakataa kutia sahihi. Majibu yalipokuja, tukaona mikono ingevutwa kupita mpaka wake. Meli ilikubaliwa kwa sharti kwamba isimwage maji ya bahari yaliyomo katika matangi ya kuikalisha, mpaka shehena yenyewe ianze kuilemea.

Usiku ule nilimkumbuka babu. Baba yake alikuwa mpagazi katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji. Wanyamwezi walisifika kwa kazi hiyo katika karne ya 19. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na babu alisimulia kwamba mpagazi mzoefu haukubali mzigo kwa macho. Huuinua kwanza begani. Naam, huo nao ulikuwa upimaji. Bega liliulizwa kabla ya safari.

Si kila mwenye mali aliuliza. Mwaka 1874 Henry Morton Stanley alileta Zanzibar mashua yake, Lady Alice, iliyotengenezwa Uingereza kwa vipande ili ibebwe na watu. Vipande vikaonekana vizito na vipana mno kwa njia zetu, ambazo watu huzipita mmoja nyuma ya mwenzake. Ilibidi fundi avigawe upya palepale Zanzibar kabla msafara haujaondoka Bagamoyo mwezi wa Novemba. Aliyechora mashua alikuwa ameufikiria mto na ziwa. Njia na bega hakuviuliza.

Baadaye ikaja reli. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kwa reli hiyo Wajerumani walipitisha meli nzima iliyofunguliwa vipande, iliyojengwa Papenburg mwaka 1913. Ikaungwa upya Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Safari hii vipande vilikuwa vimepimwa sawasawa na mabehewa. Hata hivyo, kwa miaka mingi Liemba ilisimama mbele ya vijiji visivyo na gati lolote. Mashua ndogo ziliifuata, na akina mama wakashuka ndani yake usiku, mtoto mgongoni na mzigo mkononi, mawimbi yakiinua na kushusha. Meli ilifaana na reli, ikafaana na Kigoma. Kwingineko pengo liliachiwa abiria alibebe mwenyewe.

Ndiyo maana, msomaji mpendwa, sikujutia siku ile niliyowakasirisha wakubwa. Meli na pwani zisipolingana, tofauti haipotei. Lazima iwepo shingo ya kuibeba, na mara nyingi mwenye shingo hiyo hakuwepo mezani karatasi zilipotiwa sahihi.