Jina la Afrika Mashariki: Raga na Ubaguzi wa Rangi, 1955

Mwaka 1955 Tony O'Reilly, winga wa Ireland mwenye umri wa miaka 19, alizuru Afrika Kusini na Lions, timu teule ya Uingereza na Ireland. Ziara ilihitimishwa Nairobi dhidi ya timu iliyoitwa Afrika Mashariki, ambayo wachezaji wake walikuwa Wazungu. Katika ziara za 1955 na 1959 O'Reilly alifunga trai 38, rekodi ya Lions. Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938, alikuwa rika lake. Wote wawili walilelewa na shule za watawa Wakatoliki: Belvedere ya Wajesuiti, Dublin, na Ndanda ya Wabenediktini. Kilichowatenga na mchezo huo, basi, hakikuwa dini wala elimu, bali klabu za walowezi na maofisa. Rekodi za raga za kipindi hicho hudhihirisha fursa kabla ya kipaji.